Tangi la lita 2,000 au mipira ya matone: kipi nianze nacho kabla ya vuli?

MamaUani aliandika:

Wanajukwaa, habari za jioni. Nina bustani ya mboga nyuma ya nyumba ambayo kila mwaka hunilisha vizuri kwa miezi michache, kisha jua likishakaza hunyauka yote, nami hurudi kununua mchicha gengeni. Mwaka huu nimedhamiria kulimaliza jambo hili. Fedha niliyoweka akiba inatosha kitu kimoja tu: ama tangi la plastiki la lita 2,000 la kukingia mvua, ama seti ya mipira ya matone, ile yenye vitundu vya kudondoshea maji kidogo kidogo kwenye mizizi. Fundi anasubiri jibu langu kabla ya Jumamosi. Je, mngekuwa ninyi mngeanza na kipi?

Mstaafu wa Ugani alijibu:

Binti yangu, hapa hakuna mtu anayeweza kukushauri kwa uaminifu kabla hujasema uko mkoa gani, bustani ina ukubwa gani, unalima nini, na maji unayotumia sasa yanatoka wapi. Tena unaposema jua likishakaza, unamaanisha Januari na Februari, kaskazi inapovuma, au kile kipindi kirefu cha ukavu kuanzia Juni hadi vuli inapoanza? Hayo ni majira mawili tofauti, na bustani huteseka kwa namna tofauti katika kila moja.

Mkulima wa Nala alijibu:

Mimi niko Dodoma, ambako mvua huja kwa msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili, kisha tunakaa miezi saba au zaidi bila tone. Kwa uzoefu huo nasema usinunue chochote kati ya hivyo viwili. Chimba matuta ya mbonyeo, yaani sehemu ya kupandia iwe chini ya usawa wa ardhi kwa kiasi cha kiganja, changanya samadi iliyooza vizuri, kisha funika udongo kwa matandazo ya nyasi kavu au pumba za mpunga. Maji utakayomwaga asubuhi yatabaki pale pale kwenye mizizi. Nimelima figiri na mnafu kwa ndoo mbili tu za maji kwa tuta, mwaka hadi mwaka.

Kilifi Creek alijibu:

Ushauri wa ndugu yangu wa Nala unafaa kwao, lakini akiufuata mtu wa pwani, matuta yake ya mbonyeo yatageuka vidimbwi mwezi wa Aprili. Huku kwetu masika yanaponyesha, tuta huinuliwa ili maji yapate kutoka. Kuhusu swali lenyewe, mimi naunga mkono tangi bila kusita, kwa sababu mipira bila maji ni mapambo tu.

MamaUani alijibu:

Shikamoo mzee Mstaafu, na mniwie radhi kwa kuacha mambo ya msingi. Niko Kigamboni. Nina matuta matatu, kila moja lina upana wa mita 1 na urefu wa mita 10, nayo yana mchicha, matembele, bamia na nyanya chache. Maji ya bomba hutoka siku mbili kwa wiki. Siku nyingine natumia kisima cha jirani, ambacho maji yake yana chumvi kidogo. Paa la bati linakaribia mita za mraba 60. Kipindi kinachoniumiza ni Januari na Februari.

Mstaafu wa Ugani alijibu:

Marahaba binti yangu. Sasa tunaweza kupiga hesabu. Eneo lako ni mita za mraba 30, na katika joto la Januari mboga za majani huhitaji lita 4 hadi 5 kwa mita ya mraba kwa siku, kwa hiyo utatumia lita 120 hadi 150 kila siku. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ya bati hutoa lita 1. Mvua moja nzuri ya milimita 20 ingekupa lita 1,200, na ukiondoa maji yanayopotea kwenye mifereji na yale ya kwanza ya kuoshea bati, utabaki na kama lita 1,000. Mvua mbili za vuli zinalijaza tangi. Tatizo ni kwamba mvua zikikatika, tangi hilo litakwisha kwa siku 13 hadi 16. Kwa hiyo tangi halitakuvusha Januari na Februari kwa maji ya mvua peke yake. Thamani yake kubwa kwako ni kuhifadhi maji ya bomba yale ya siku mbili, ili usikifikie kisima.

Binti Mbezi alijibu:

Dada, nikiona maneno mipira ya matone na kisima cha chumvi katika ujumbe mmoja, siwezi kunyamaza. Miaka mitatu iliyopita niliweka mipira hiyo kwenye matuta manne, nikaiunganisha na tangi dogo lililojazwa maji ya kisima chetu. Muuzaji alinihakikishia kwamba nitafungua koki asubuhi na kuondoka. Vuli nzima mambo yalikwenda vizuri mno, hoho zikanawiri, majirani wakaja kutazama. Mwishoni mwa Januari tulipata msiba Tanga, nikakaa huko siku kumi, huku nikiwa na amani kabisa kwa kuwa kijana wa nyumbani alikuwa akifungua koki kila asubuhi kama nilivyomwelekeza. Niliporudi nilikuta tuta la kwanza liko kijani, la pili limenyong'onyea, na mawili ya mwisho yamekauka hadi mizizi. Vitundu vilikuwa vimezibwa na chokaa nyeupe, ngumu kama jiwe, na kwa sababu maji hutoka kidogo kidogo na mengine yamefichwa na majani, kijana hakuwa na njia ya kujua kwamba hayatoki. Juu ya udongo, pembeni mwa sehemu iliyolowa, kulikuwa na ukanda mweupe wa chumvi. Nililoweka mipira kwenye siki usiku kucha, vitundu vingine vikafunguka na vingine vikakataa. Hoho zile nilikuwa nimezilea tangu kitaluni, na mpaka leo nikizikumbuka naumia.

Tone kwa Tone alijibu:

Pole sana dada Binti Mbezi, lakini kosa halikuwa la mipira. Seti isiyo na kichujio haifai kuuzwa kwa mtu mwenye kisima. Ilipaswa pia kufunguliwa mwishoni kila wiki mbili ili maji yasukume uchafu nje. Mimi nina tangi la lita 200 lililoinuliwa mita 1 tu juu ya ardhi, na linasukuma maji hadi mwisho wa mpira wa mita 10 bila pampu yoyote. Majani hayalowi, kwa hiyo ukungu umepungua.

Binti Mbezi alijibu:

Kichujio huzuia mchanga, ndugu yangu. Chokaa iliyoyeyuka ndani ya maji hupita humo humo.

Mstaafu wa Ugani alijibu:

Hapo Binti Mbezi amesema kweli. Naongeza jambo ambalo wengi hawalijui: chumvi ile iliyojikusanya pembeni, mvua ndogo ya kwanza huirudisha kwenye mizizi, na mtu hushangaa kuona mimea inaungua siku ambayo mvua imenyesha. Siku hiyo usifunge matone, yaache yaendelee kutoka mpaka mvua kubwa ioshe udongo. Maharage huumia upesi sana kwa chumvi, spinachi huvumilia.

Kilifi Creek alijibu:

Mimi ninashangaa hakuna aliyeuliza habari za nyanya. Dada, nyanya za Januari pwani unazipigania za nini? Usiku ukiwa na joto maua hupukutika hata ukizinywesha vizuri, na utitiri mwekundu hupenda sana ukavu ule. Sia mbegu Aprili, hamisha miche masika yanapokatika, uvune wakati wa kipupwe.

Mkulima wa Nala alijibu:

Ukisia Aprili katika mvua, ugonjwa wa bakajani utamaliza kitalu chako kabla hujahamisha mche hata mmoja.

Kilifi Creek alijibu:

Kitalu kinaezekwa, ndugu yangu. Makuti mawili matatu yanatosha kuzuia mvua isipige majani. Nami nakuuliza na wewe: hayo matandazo yako, mchwa wa Dodoma wanayaacha?

Mkulima wa Nala alijibu:

Hawayaachi, sitaki kusema uongo. Huyala, nami huongeza mengine kila baada ya wiki tatu. Lakini wakiwa na nyasi kavu za kula hawaigusi mboga mbichi, na hilo nimelishuhudia kwa macho yangu. Siku nilipoondoa matandazo ili kuwafukuza ndipo walipoanza kukata mashina ya bilinganya.

Tone kwa Tone alijibu:

Nimesoma kwamba majivu huwafukuza.

Mkulima wa Nala alijibu:

Majivu hufanya kazi mpaka utakapomwagilia. Baada ya hapo yamekuwa mbolea.

MamaUani alijibu:

Nawashukuru nyote kwa muda wenu. Leo asubuhi nilichemsha sufuria ya maji ya kisima mpaka yakakauka, na chini pamebaki utando mweupe unaokwaruzika kwa kucha, kwa hiyo habari ya Binti Mbezi imenigusa sana. Nimemwomba fundi anipe wiki moja zaidi. Ninaelekea kwenye tangi, lakini hesabu ya siku 13 imenitia wasiwasi, kwa maana wiki nyingine bomba halitoki kabisa. Nimewaza kuliacha tuta moja lipumzike Januari na Februari, likiwa limefunikwa nyasi, na kubaki na matembele na bamia, ambazo naona zinastahimili joto kuliko mchicha. Je, mzee Mstaafu, tuta lililopumzishwa bila maji kwa miezi miwili halitakusanya chumvi zaidi?

Mstaafu wa Ugani alijibu:

Lisiponyweshwa maji ya kisima halitaongezewa chumvi, na matandazo yatapunguza ile iliyomo kupanda juu pamoja na unyevu. Lakini kabla ya kulipa, hebu niambie tangi utaliweka juu ya nini. Likijaa lina uzito wa tani 2, na mchanga wa Kigamboni ukilowa hutitia.

Binti Mbezi alijibu:

Na mifereji ya bati unayo tayari, au nayo imo katika hiyo hiyo fedha?