Mjadala: Tukisema "wasichana tu" kwenye michezo ya shule, nani atakagua?

Wakuu, kila suala la wanafunzi waliobadili jinsia kushindana na wasichana likitajwa, watu wanatoa povu kabla hata ya kusikiliza. Naomba tuanzie Utah, Marekani.

Machi 2022 bunge la jimbo lile lilipitisha sheria ya kuwazuia. Gavana Spencer Cox, naye ni wa Republican, chama kilekile kilichoshika bunge hilo, akagoma kusaini. Hesabu yake ilikuwa hivi: wanafunzi wa sekondari 75,000 wanacheza michezo, waliobadili jinsia ni wanne, na anayecheza na wasichana ni mmoja. Haikumsaidia. Siku chache baadaye wabunge wakaitengua kura yake ya turufu.

Agosti ikafichuka habari ya msichana mmoja aliyewaacha wenzake mbali sana. Wazazi wa wa pili na wa tatu walilalamika kwamba yule si msichana. Kumbukumbu zake zikapekuliwa hadi za chekechea, bila kumwambia yeye wala wazazi wake. Kila karatasi ilisema msichana. Kosa lake lilikuwa kushinda.

Sisemi biolojia ni porojo. Rekodi ya dunia ya mita 800 kwa wanawake, 1:53.28 ya Jarmila Kratochvílová, imedumu zaidi ya miaka 40, lakini wavulana wa sekondari Marekani wanakimbia chini ya hapo kila mwaka. Balehe ya kiume inaongeza misuli na urefu, na urefu haurudi nyuma kwa dawa. Binti wa miaka 17 anayetegemea mbio zimpeleke chuo ana haki ya kulalamika. Ila kabla ya balehe tofauti ni ndogo. Kesi ya jimbo la West Virginia iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani inamhusu mwanafunzi aliyebadili jinsia na kutumia dawa za kuzuia balehe, hiyo ya kiume hakuipitia kabisa, na sheria ya jimbo iliandikwa imzuie vilevile. Kwangu, sheria moja kwa mtoto wa miaka 11 na mwanariadha wa chuo ni uvivu wa kufikiri.

*

Mkuu, mimi ni mwalimu wa michezo. Kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, tunapambana na mamluki, mtu ana ndevu zake anaitwa kidato cha pili. Tunakagua umri na hakuna anayesema tunadhalilisha watoto. Ukiweka mashindano ya wasichana umeshaweka mpaka, na mpaka bila mkaguzi ni chaki tu uwanjani. Halafu haya ni mambo ya wenzetu wa ng'ambo.

*

Mwalimu, ya ng'ambo? Rio 2016, mita 800 wanawake: Caster Semenya wa Afrika Kusini dhahabu, Francine Niyonsaba wa Burundi fedha, Margaret Wambui wa Kenya shaba. Hao hawakubadili jinsia, wamezaliwa na kulelewa wasichana. Mwaka 2019 wote watatu wakaambiwa washushe testosteroni, homoni ya kiume ambayo miili yao inaitengeneza kwa wingi, au waiache mita 800. Niyonsaba akahamia mbio ndefu, Wambui akapotea kwenye riadha. Umri unaukagua kwa cheti, sawa. Vyeti vyao vilisema wanawake. Vikikataliwa, unakagua nini tena kwa mtoto wa shule?

*

Damu. Au mate, kipimo kimoja cha vinasaba, yakaisha. Wanariadha wakubwa wanapimwa, sioni ajabu.

*

Mwalimu shikamoo. Mimi nina binti wa miaka 14, anacheza netiboli, mrefu kuliko kaka zake, sauti nzito kama ya baba yake. Nataka nafasi yake ilindwe, na kwa hilo niko upande wako kabisa. Ila hicho kipimo hamtawapima watoto wote wa wilaya, hela hiyo haipo, hata mipira tunachangishwa wazazi. Mtapima wachache. Nijibu basi: kwenye timu yangu na yako, ungeanza na nani?