Mrejesho: kelele za AC ya gari, Malindi

Wadau, asalaam aleikum. Mtakumbuka niliwauliza kuhusu AC ya gari langu: ngurumo ndani ya dashibodi, na mluzi upande wa injini hata AC ikizimwa. Ahsanteni sana nyote mliojibu.

Nilianza na ushauri wa kuzima AC na kuacha feni peke yake. Ngurumo ikabaki, tena ikapanda kila nilipoongeza spidi ya feni. Basi si kompresa (pampu ya gesi ya AC, iliyo upande wa injini). Nikafungua chini ya dashibodi upande wa abiria, nikaitoa feni: majani makavu ya mwarobaini yamejisokota kwenye mapanga yake, na kijiti chembamba kama njiti ya kiberiti. Gari hulala chini ya mwarobaini, yameingilia matundu ya chini ya kioo cha mbele. Nimesafisha, ngurumo imekwisha kabisa, wala sikununua kitu.

Mluzi bado. Kukaza mkanda wa injini unaozungusha kompresa hakukusaidia. Fundi aliutoa, akazungusha puli ya kompresa (gurudumu linalopitiwa na mkanda) kwa mkono, ikakwaruza: beringi yake, inayoifanya izunguke laini, imekufa. Ushauri wa kuongeza gesi sikuufuata, baridi ilikuwa sawa. Beringi nimeagiza Mombasa. Mpaka ifike siendi mbali, maana ikikwama itakata mkanda.