Tupeane uzoefu: mnaotunga chemshabongo za maneno, mnaupataje ukweli kwa anayekujaribia?

Karatasi ya Miraba (mtoa mada)
Wakuu, habari za jioni. Juzi nimempa jirani chemshabongo yangu ya vyumba 13 kwa 13 anijazie kabla sijaibandika ubao wa matangazo kazini. Kairudisha, kasema "nzuri sana". Lakini kona ya chini kulia amefuta na raba mpaka karatasi imetoboka! Nilipombana akasema hakutaka kunivunja moyo. Nyie mnafanyaje? Na hiyo kona mnaishindaje?

Mstaafu wa Chaki
Umenikumbusha mbali. Hiyo kona inatutesa wote kwa sababu maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu. Ukichukua jedwali la Wamarekani, ambalo kila herufi ni ya mlalo na ya wima kwa pamoja, safu ya mwisho kulia inakuwa irabu tupu. Utaandika nini pale? UA, OA, AUA, umemaliza. Mimi natumia la Waingereza, lenye vyumba vyeusi vinavyopishana, na naanza na ile safu ya mwisho kabla ya kitu kingine chochote. Chukua KISIWANI, lisimamishe: maneno ya mlalo yaishie kwenye I, I, A na I, konsonanti ziachwe bila mlalo. Mstari wa chini kabisa ni hivyohivyo.

Kuhusu ukweli, usimuulize mtu "umeonaje". Kaa pembeni, usiseme neno, andika anapokwama. Wakikwama wawili mahali pamoja, kidokezo kina tatizo. Akikwama mmoja, kiache.

Binti Pangani
Hapo pa kukaa kimya umesema kweli tupu.

Nakuru Kwetu
Kwangu vita ni NG'OMBE. Naandika herufi 6, ritifaa haina chumba. Kuna mjazaji aliipa ritifaa chumba chake, neno likamzidi, akaniambia jedwali langu ni bovu.

Mzee wa Kamusi
Ng' ni sauti moja, ipewe chumba kimoja. Ch, sh na ny vilevile.

Nakuru Kwetu
Mzee wangu, heshima kwako, lakini hapo CHAI inakuwa vyumba vitatu na mtu anahesabu herufi nne. Nani atakuelewa?

Mzee wa Kamusi
Atakayesoma maelezo yaliyo juu ya jedwali.

Binti Pangani
Na wewe wa Nakuru, uliniletea "mama mzazi wa mama (6)". Nimehangaika na BIBI, haitoshi, kumbe unataka NYANYA! Huku kwetu nyanya tunaungia mchuzi.

Nakuru Kwetu
Na huku bibi ni mke wa mtu. Ndiyo maana kila jedwali nalipeleka kwa watu wa pande zote mbili za mpaka.

Fundi Cherehani
Ngojeni niwape ya kwangu. Kazini kuna dada alikuwa anaolewa, kamati ya sendofu ikaniomba chemshabongo ya kuchezwa ukumbini, kila meza karatasi yake. Jina la bibi harusi nikalilaza katikati kabisa. Kwa kuwa kila mtu husema mjaribu na wasiohusika, nikawapa vijana wa mtaani kwangu wasiomjua. Wakanisahihishia tahajia, wakanionyesha kidokezo kigumu, kazi safi. Neno la wima lililopita katikati lilikuwa na kidokezo "Wazee huwaombea maharusi (6)". BARAKA. Likaingiliana na jina la bibi harusi kwenye A, pazuri mno.

Siku yenyewe MC anasoma majibu kwenye kipaza sauti, watu wanapiga vigelegele. Anafika pale: "BARAKA, amepita katikati ya bibi harusi wetu!" Meza za mbele kimya. Shangazi mmoja akainuka akatoka nje. Bibi harusi kainamisha kichwa. Mimi nimeshika zawadi za washindi, sielewi kitu. Ndipo mtu akanivuta pembeni: Baraka ndiye aliyemposa kwanza, na mahari ilirudishwa kwa ugomvi mkubwa. Baba wa binti akanifuata, akaniuliza nimetumwa na nani.

Mama Wawili
Mungu wangu! Harusi ilifungwa??

Binti Pangani
Mkuu, usituache hapa.

Mzee wa Kamusi
Jamani, mada ni vidokezo.

Mama Wawili
Mzee, subiri kidogo. Fundi, rudi!

Fundi Cherehani
Nimerudi. Ilifungwa wiki iliyofuata. Bwana harusi ndiye aliyeokoa jahazi: alichukua kipaza sauti akasema baraka anazihitaji zote, ukumbi ukacheka. Siku hizi jedwali la sherehe halitoki mkononi mwangu kabla shangazi wa familia hajalipitia.

Kijana wa Stendi
Ushauri wangu: mpe mjazaji kalamu ya wino, afikiri kabla ya kuandika. Na usimpe mkeo, utalala sebuleni.

Mstaafu wa Chaki
Kalamu hapana. Penseli ndiyo inayokuonyesha alipofuta, kama mtoa mada alivyoona.

Mzee wa Kamusi
Na msiwaogope wanaolalamikia maneno magumu. Ile ya kwanza ya Arthur Wynne, gazeti la New York World, 21 Desemba 1913, iliuliza jina la nyuzi za mti uitwao gomuti. Jibu DOH.

Mama Wawili
Basi liingiliane na maneno rahisi pande zote, mtu alipate bila kulijua.

Karatasi ya Miraba
Asanteni sana. Ile kona naianza upya. Nijaribieni hiki basi: "Baharini ana gando, jikoni ana moto (3)".

Nakuru Kwetu
KAA. Lakini la jikoni ni "lina". Mjazaji makini atadhani unamsema mtu.

Binti Pangani
Weka hivi: "Ukimshika baharini anakubana, ukilishika jikoni linakuunguza (3)".

Karatasi ya Miraba
Nakichukua. Mlalo namba 9.