Kutoka kwaya hadi okestra: njia ya Leonard Bernstein inatufundisha nini?

Mwl_Solfa aliuliza:
Wakuu, heshima kwenu. Naongoza kwaya kwa solfa (nota za do, re, mi), na sasa parokia inaanzisha okestra ndogo ya vijana: violini, selo, klarineti, tarumbeta na honi moja (ya shaba, ya kupuliza). Nitaongoza na kufundisha mwenyewe. Nafuatilia sana kazi ya Leonard Bernstein, mwanamuziki wa Marekani, maana aliongoza, alitunga, alipiga piano na kufundisha watoto kwenye televisheni. Alijengwa na mafunzo gani? Vipindi vyake vya watoto alivipangaje? Na mtu wa solfa aanzie wapi vyombo visije vikagongana?

Nota_Nyeusi alijibu:
Mwalimu, watu huanza habari zake na 14 Novemba 1943, alipopanda jukwaani Carnegie Hall, ukumbi wa muziki wa New York, bila mazoezi kwa sababu mwongozaji Bruno Walter ameugua, na tamasha likasikika redioni Marekani nzima. Alikuwa na miaka 25. Tarehe hiyo ikitajwa peke yake inapotosha, kama vile bahati ilimwangukia tu. Alikuwa amemaliza Harvard 1939, akaenda chuo cha muziki cha Curtis kule Philadelphia kwa mwongozaji Fritz Reiner, mtu mkali aliyetaka mwanafunzi ajue kila chombo kinapiga nini kabla hajainua fimbo. Kiangazi cha 1940 alikuwa Tanglewood, kituo cha mafunzo ya muziki, kwa mwongozaji Serge Koussevitzky. Mwaka 1943 okestra ya New York Philharmonic ikamchukua kuwa mwongozaji msaidizi, na kazi ya msaidizi ni hiyohiyo: kuzijua nota za programu ili asimame endapo mwongozaji atakosekana.

Kwa hiyo anza mezani. Pitia nota za vyombo vyote mara ya kwanza ukitafuta mgawanyo tu: sehemu inaanza wapi, inarudi wapi, kilele kiko baa (kipimo kimoja cha mapigo) ya ngapi. Mara ya pili imba kila mstari kwa solfa, hata wa selo. Mara ya tatu weka alama ya penseli kila chombo kinapoingia baada ya kunyamaza muda mrefu, kwa sababu mpigaji akihesabu baa 16 za kimya hupotea, na ni wewe wa kumtazama baa moja kabla. Kisha funga kitabu ujiulize: kwenye kilele, klarineti ya pili ina noti gani? Kama hujui, bado hujawa tayari kuitisha mazoezi.

Fidla_Pwani alijibu:
Niongeze upande wa ualimu, maana ndio ninaoupenda zaidi. Matamasha yake ya vijana yaliyorushwa na televisheni ya CBS yalikuwa 53, kuanzia Januari 1958 hadi 1972, na kila moja lilibeba swali moja. La kwanza liliuliza muziki una maana gani. Alipiga kipande ambacho watoto walikihusisha na farasi na wachunga ng'ombe wa televisheni, kisha akawaonyesha kwamba farasi hawamo ndani ya noti. Mtoto alisikia kwanza, ndipo akaelezwa.

Kabla ya hapo, 1954, katika kipindi cha televisheni cha Omnibus, alitandaza sakafuni ukurasa wa kwanza wa Simfoni ya Tano ya Beethoven, akawasimamisha wapigaji juu ya mistari yao. Kisha okestra ikapiga rasimu ambazo Beethoven alizitupa, ili msikilizaji ajisikilizie mwenyewe kwa nini zilitupwa. Mbinu hii utaiweza bila hela. Chukua wimbo wanaoujua, badilisha noti ya mwisho au ondoa besi, piga, waulize nini kimeharibika, halafu urudishe.

Usiongee zaidi ya dakika moja mfululizo. Vyombo vya kupuliza vikipoa sauti yake hushuka, na ukianza tena klarineti itakuwa chini ya violini ilhali mlishazipatanisha.

Do_ni_F alijibu:
Hapo kwenye kugongana ndipo walimu wa solfa wanapoumia. Ukimwandikia kila mtu do ileile, sauti zitatoka tofauti. Klarineti na tarumbeta za B♭ (B iliyoshushwa nusu toni) zikisoma C, hutoka B♭. Honi ya F ikisoma C, hutoka F ya chini yake.

Wimbo wako ukiwa do ni F: violini na selo waandikie F, klarineti na tarumbeta G, honi C. Do ikiwa G: klarineti na tarumbeta A, honi D. Violini wanaoanza hupenda do iwe D, lakini D inampeleka klarineti kwenye E yenye diyezi nne (alama za kupandisha noti nusu toni), na huyo ndiye atakayekwama. Binafsi naona F ndiyo suluhu ya mwanzo. Violini warudishe nyuma kidole cha kwanza kwenye uzi wa A wapate B♭, na wakifika uzi wa E wakirudishe vilevile wapate F.

Tarumbeta moja hufunika violini sita bila shida. Iweke nyuma, mdomo wake usiwaelekee watu, na umwandikie apige kwa ulaini kuanzia siku ya kwanza.

Mwl_Solfa:
Asanteni sana, wakuu. Na ishara ya kuanza? Kwaya yangu naihesabia "moja, mbili, tatu" kwa sauti.

Nota_Nyeusi:
Acha kuhesabu. Toa pigo moja tu la maandalizi, mkono ukipanda kwa mwendo uleule utakaoutumia, nawe uvute pumzi pamoja nao. Mkono ukipanda polepole kisha ukashuka haraka, nusu watafuata kupanda na nusu kushuka. Mwanzo wa ile Simfoni ya Tano ni mgumu kwa sababu hiyo: baa inaanza na kimya kifupi, kwa hiyo pigo lako linaangukia kwenye kimya na noti tatu zinafuata. Usiwape vijana bado.

Fidla_Pwani:
Kwa mfano wa karibu, tazama Orchestre Symphonique Kimbanguiste ya Kinshasa, iliyoanzishwa 1994 na Armand Diangienda, aliyekuwa rubani. Mwanzoni violini zilikuwa chache, watu wakapokezana, na uzi ukikatika waliweka waya wa breki ya baiskeli. Kwako nunua nyuzi za akiba za E kabla ya kitu kingine chochote. Ni nyembamba kuliko zote, nazo ndizo hukatika kwanza.