Kikundi cha familia: begi la Salma

Mama Salma: Asalaam aleykum jamani. Shikamoo mama, shikamoo mjomba. Leo nimelipima begi la Salma kwenye mzani wa duka la mchele. Kilo 6.8. Mwenyewe ana kilo 28. Mtoto wa darasa la nne!

Bibi Tanga: Marahaba mwanangu. Kumbe ndiyo maana akija huku likizo analalamika mabega? Mimi nikadhani ni michezo yao ya kuning'inia kwenye mwembe.

Mama Salma: Si michezo mama. Asubuhi konda anamwambia avue begi, analiweka miguuni mwa watu, akishuka analiburuta. Darasani linakaa chini ya dawati, na mapumziko anatoka nalo tena maana vitu vinapotea. Jumamosi tuna kikao cha wazazi. Nataka kusimama niombe watoto wajengewe loka, yale makabati madogo ya kufunga, kila mtoto na lake. Nipeni maneno.

Baba Salma: Mimi nilisema nimnunulie lile la magurudumu, Kariakoo yapo.

Zuhura (Dallas): Wa aleykum salaam. Mdogo wangu, huku loka zipo, za chuma, zimepangwa ukutani korido nzima. Na bado Yusra anabeba kila kitu mgongoni tangu anatoka mpaka basi linamrudisha. Huku mwalimu ndiye mwenye chumba, wanafunzi ndio wanaohama. Kipindi kikiisha wana dakika nne au tano za kufika chumba kingine. Loka yake iko chini, masomo mengi yako ghorofani. Akipitia loka anachelewa, akichelewa anaandikwa jina. Sasa haifungui kabisa, imekaa tupu.

Mama Salma: Tupu kabisa dada?

Zuhura (Dallas): Kabisa. Halafu huku kuna hofu nyingine. Baada ya yale mauaji ya watoto shuleni Uvalde, hapa hapa Texas, Mei 2022, wilaya ya shule ya Dallas iliagiza wanafunzi wa darasa la 6 mpaka la 12 wabebe mabegi yanayoonyesha ndani, ya plastiki au ya wavu. Kila kilichofungwa kinatiliwa shaka. Kwa hiyo kabla hujaomba loka, uliza mtoto ataifikia saa ngapi, na iko umbali gani na anapokaa.

Zuberi: Shikamooni wakubwa. Dada, hapo kwetu tuna nafuu. Huku mwanafunzi anakaa, mwalimu ndiye anayehama. Kitu kikiwekwa ndani ya darasa, Salma anakifikia kwa hatua chache tu. Jumamosi anza na hilo.

Mama Salma: Wewe mwalimu, hebu niambie. Kwa nini mnataka wabebe vitabu vyote kila siku?

Zuberi: Hakuna anayetaka. Ila nitasema ukweli wa upande wetu. Ratiba ya ukutani inaonyesha Jumatatu ni Hisabati, Kiswahili na Sayansi. Mwalimu wa Sayansi akienda semina, anaingia wa Jiografia na Mazingira. Asiye na daftari anasimamishwa. Mtoto akisimamishwa mara moja tu mbele ya wenzake, siku ya pili anabeba yote. Huyo hapakii begi kwa ratiba tena, anapakia kwa hofu. Hata ukijenga makabati ya dhahabu, hofu hiyo isipoondoka begi litabaki vilevile.

Zuberi: Jambo la pili ni kaunta buku. Tunaziagiza nene, za jalada gumu, kwa sababu hazichaniki na mtoto anamaliza nazo mwaka. Lakini fungua ya Salma uone, sehemu kubwa ni kurasa tupu. Anabeba karatasi nyeupe kwenda na kurudi. Madaftari mawili membamba kwa kila somo, moja likiisha linaingia la pili, yangepunguza mzigo bila kumgharimu mtu fundi wala mbao.

Mama Salma: Nimefungua sasa hivi. Historia ya Tanzania na Maadili hajafika hata robo. Sanaa na Michezo ana kurasa chache za mwanzo tu. Ee Mungu.

Athumani (Mombasa): Salaam aleykum. Shikamoo shangazi. Huku nilikosoma mimi, skuli ya bweni, kila mtu alikuwa na dawati lake la mbao la mfuniko, unatia kufuli, vitabu vyote vimo ndani. Begi nilikuwa nalishika siku ya kufunga na siku ya kufungua. Wanaoumia ni wa kutwa. Tangu 2018 serikali huku inapeleka vitabu vya kiada moja kwa moja skuli, kila mtoto na chake. Ni jambo jema sana, lakini kitabu kikipotea mzazi ndiye hulipa. Sasa mtoto gani ataacha kitabu darasani mahali pasipofungwa?

Rukia: Nimetoka zamu hospitalini sasa hivi, nimesoma yote. Dada, kwanza nikutoe hofu moja. Begi halipindi uti wa mgongo kwa upande. Tatizo hilo lipo, linaitwa skoliosisi, ila mara nyingi chanzo chake hakijulikani na wanalipata hata watoto wasiobeba kitu. Usiliseme hilo kwenye kikao, akitokea mzazi daktari atakukatiza na hoja yako nzuri itapotea.

Rukia: Ulicho nacho kinatosha. 6.8 kwa 28 ni karibu robo ya uzito wake. Sisi tunashauri begi lizunguke asilimia kumi, kwa Salma ni kilo 2.8. Madaktari wa watoto wa Marekani wanakwenda mpaka ishirini, yaani 5.6, na hata hapo amepita. Mtoto akizidiwa anainama mbele, shingo inatangulia, misuli ya mabega inafanya kazi siku nzima. Mikanda ikiwa myembamba inabana mishipa ya fahamu, mkono unaingia ganzi. Mkimwona anakung'uta mkono akifika nyumbani, msingoje, mleteni tumwangalie.

Bibi Tanga: Ya Rabi. Na lile la magurudumu?

Rukia: Mama, njia yao ni mchanga na mvua ikinyesha ni tope, ataliinua tu, na lenyewe ni zito kuliko la kawaida. India walitoa sera ya mabegi ya shule mwaka 2020: asilimia kumi ya uzito wa mtoto, darasa la kwanza mpaka la kumi, na kila shule iwe na mzani. Ya magurudumu wakayakataza, yanaweza kuwaumiza watoto kwenye ngazi.

Baba Salma: Basi nimeacha.

Mjomba Hamisi: Marahaba wanangu wote. Nilikuwa kiwandani huku Keko, mashine zinapiga kelele. Mama Salma, darasa lao lina watoto wangapi?

Mama Salma: 62 mjomba.

Mjomba Hamisi: Usiombe vimilango. Vimilango 62 ni bawaba 124 na kufuli 62, na funguo za watoto unazijua. Halafu kila kijumba kitafichwa andazi, baada ya wiki mnafuga panya. Omba kabati moja refu la ukuta wa nyuma, rafu za wazi ndani, milango miwili mikubwa, kitasa kimoja, ufunguo kwa mwalimu wa darasa. Vinakaa vitabu vya kiada tu. Rafu ya juu isizidi mkono wa mtoto mfupi kuliko wote. Mgongo wa kabati ufungwe ukutani kwa skrubu na plagi, watoto wanapanda vitu, likianguka ni msiba. Na wasikubali emdiefu, ile mbao ya unga wa miti ulioshindiliwa, kwa sababu ya bei, bati likivuja mara moja inavimba kama mkate. Mbao ya msonobari iliyokauka vizuri inatosha.

Zuberi: Mjomba umemaliza. Kwangu darasa ni moja kwa zamu mbili, asubuhi na mchana. Tungekuwa na makabati mawili ya hivyo, kila zamu na la kwake, tungepumua.

Bibi Tanga: Mimi nina neno. Vitabu vikibaki shule, huku nyumbani mtoto atasoma nini? Akija kwangu namsomesha mwenyewe. Msije mkapunguza mzigo mkapunguza na elimu.

Zuberi: Mama, vitabu vya mtaala mpya viko kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, bure, unafungua kwenye simu.

Mama Salma: Simu yenye intaneti nyumbani ni ya baba yake, na anarudi saa tatu usiku. Wazazi wengi wa pale hawana kabisa. Mama yuko sahihi, hilo siwezi kulisema kwenye kikao.

Rukia: Kwani wanapewa mazoezi ya masomo mangapi kwa siku?

Mama Salma: Kila mwalimu anatoa lake. Jana yalikuwa matano.

Zuberi: Basi hapo ndipo pa kushika. Walimu wapangiane, kila siku mazoezi ya masomo mawili. Vitabu viwili vinakwenda nyumbani, vingine vinalala kabatini. Mwalimu wa zamu aandike ubaoni kabla ya kengele ya mwisho: leo beba hiki na hiki. Na ratiba ikibadilika, mtoto asisimamishwe kwa kosa lisilo lake. Hili la mwisho nakuomba sana dada, ulisimamie. Mzazi akisema linasikika kuliko sisi wenyewe tukisemezana ofisini.

Bibi Tanga: Hapo sawa. Vitabu viwili nitamsomesha.

Mama Salma: Na chupa ya maji? Ni ya lita moja, kilo nzima hiyo.

Rukia: Shule ikiweka ndoo ya maji yaliyochemshwa yenye bomba na mfuniko, atakwenda na chupa tupu. Kwa sasa mpe ya nusu lita. Kitabu kizito kikae upande wa mgongo, si upande wa nje, na kaza mikanda yote miwili, begi lisishuke chini ya kiuno.

Mama Salma: Nimeandika: kabati moja la vitabu vya kiada, mazoezi ya masomo mawili kwa siku, madaftari membamba, ndoo ya maji, mtoto asiadhibiwe ratiba ikibadilika. Kesho nitawapigia mama Ibra na mama Happy wapime mabegi ya kwao, tusimame na namba za watoto zaidi ya mmoja.

Mjomba Hamisi: Mbao nitatoa mimi, kamati inunue bawaba, kitasa na vanishi. Kesho ukimchukua Salma nipimie ukuta wa nyuma, urefu na kimo, na umbali wa dirisha. Nipigie na picha, nisije nikaziba hewa ya watoto.