Nyumba ya dini mbili: sikukuu tule wote, au kila mtu na yake?

Jamani, tulijadili hili bila matusi. Mimi ni Mwanglikana wa Masasi, mume wangu Mwislamu wa Mikindani. Tulifunga ndoa ya bomani, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, kila mmoja akabaki na dini yake. Mwaka wa tisa huu, na kila sikukuu ikikaribia ndugu wanauliza: hii ni ya nani?

Msimamo wangu: kupika, kula, kuvaa na kupokea wageni ni kwa wote. Ibada, kila mtu na yake. Ramadhani naamka kupasha daku, jioni nakuna nazi ya mihogo, lakini sifungi. Funga ya kumfurahisha mkwe si funga. Mwaka 2025 Kwaresima na Ramadhani zilianza wiki moja. Mimi nimeacha nyama, yeye anashinda na kiu, na nyumba haijawahi kutulia vile.

Kasheshe ilikuwa Krismasi moja. Mdogo wangu wa kiume alikuja na kifurushi cha foili. Kitimoto, nyama ya nguruwe! Akakipasha kwenye sufuria yangu ya pilau, kwa ujinga tu. Mama mkwe hakusema neno. Aliibeba sufuria hadi uani, akachota udongo chini ya mwembe, akaisugua kwa udongo ule, kisha akaendelea kwa maji mpaka zikatimia mara saba. Sisi tumesimama tunahesabu. Akanirudishia: "Haya mwanangu, pika."

Tangu hapo kitimoto kinaliwa hukohuko kinakouzwa, na kuku wa Krismasi anachinjwa na baba watoto. Kanda ya Ziwa mwaka 2013 ugomvi wa nani achinje ulifika hadi kumwaga damu. Kwangu uliishia kwenye kukabidhiana kisu.

Nakosea wapi?

Mzee wa Lindi: Binti yangu, umesimulia vizuri, lakini sufuria inaoshwa, mtoto haoshwi hivyo. Kwetu mtoto wa baba Mwislamu ni Mwislamu. Ukimpeleka kanisani tarehe 25 ukamwambia ni sherehe tu, unamdanganya, na kanisa lako unalidanganya pia, maana wao hawasemi ni sherehe tu. Pilau nitakuja kula. Mtoto aachwe ajue alipo.

Mama Newala: Shikamoo mzee. Ila uko Kusini hapa! Kwa mila yetu Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Kwa hiyo hilo la baba halijaisha.

Mie nina la mfuko. Minada ya korosho inaanza Oktoba, Desemba watu wana pesa, mtoto anapata viatu vya Krismasi. Idi el-Fitri siku hizi inaangukia Machi, na kila mwaka inarudi nyuma siku kumi na moja hivi. Machi mfukoni kuna nini? Mwanamume akiona Krismasi gauni jipya, Idi gauni lilelile limepigwa pasi, anadhani dini yake imedharauliwa. Kumbe ni msimu. Mwaka 2000 Idi ilikuja siku chache baada ya Krismasi, na kwangu nguo moja ilitosha zote mbili. Hakuna aliyenuna.

Mwanzisha mada: Mama Newala, umenifumbua macho. Ugomvi wetu wa mwaka jana ulikuwa wa viatu, tukauita wa dini. Mwaka huu fungu la Idi nalitoa palepale korosho zikilipwa, nampa mama mkwe atunze.

Mzee wangu, shikamoo. La mtoto silikwepi. Binti yangu ana miaka minane. Juzi ameniuliza, "Mama, bibi akifa ataenda pepo yetu au ya kwao?" Nikamwambia akamuulize bibi mwenyewe. Alikwenda. Amerudi na kaimati mkononi, jibu hana. Wewe ungemwambiaje?