Ufupisho wa Melisa: kikundi cha familia, Jumamosi jioni (Kuka ni babu, Senje ni shangazi)

*Mama Melisa, 18:42*
Hamjambo familia. Wifi Bea, upo? Melisa ana mtihani wa Kiswahili Jumatano, insha na ile karatasi ya lugha. Ameketi na kitabu tangu saa nane na anasema hakuna kinachoingia. Hesabu ningemsaidia, hii siwezi.

*Kuka, 18:44*
Mulembe muno. Melisa, umekula?

*Melisa, 18:45*
Shikamoo Kuka. Nimekula. Ata chai nimekunywa.

*Senje Bea, 18:53*
Nipo, ndio natoka sokoni Kibuye. Wifi, achana na kitabu. Nipigie picha karatasi yake ya majaribio, ile iliyosahihishwa.

*Mama Melisa, 18:58*
[picha 4]

*Senje Bea, 19:10*
Nimesoma zote. Ufahamu 11 kwa 15, sarufi 24 kwa 40, isimu jamii 7 kwa 10. Hapo sina neno. Ufupisho ni 4 kwa 15! Alama zinavujia hapo, mwanangu.

*Melisa, 19:11*
Senje mimi huandika kila kitu kilichoko kwa kifungu na bado napewa mbili, tatu

*Brayo, 19:12*
ata mimi nilikuwa nafeli hapo tu

*Senje Bea, 19:13*
Kila kitu ndicho kinachokuangusha. Ngoja nikutungie kifungu cha huko kwenu Nakuru. Kila mtu ajibu, na wewe Baba.

*Senje Bea, 19:25*
"Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit huingiza maji, na maji hayo hupungua kwa kukaushwa na jua. Mvua ilipozidi miaka ya 2010, maji yalipanda, yakafunika barabara na lango kuu la mbuga, na magadi yakapungua. Mwani unaoliwa na heroe hustawi kwenye maji ya magadi. Ulipopungua, heroe wengi walihamia kwingine, kwa mfano Ziwa Bogoria."

Swali: Kwa maneno yasiyozidi 20, eleza kwa nini heroe walihama.

*Kuka, 19:27*
Heroe ni wale ndege wa rangi ya waridi? Niliwaona nikija kumtembelea Baba Melisa alipoanza kazi. Ukingo wote ulikuwa mwekundu, ungedhani ni nguo zimeanikwa.

*Mama Melisa, 19:28*
Ndio hao Baba. Siku hizi ukipanda Menengai na kutazama ziwani, ule wekundu hauuoni.

*Melisa, 19:34*
Ziwa Nakuru halina mto unaotoka na mvua ilipozidi maji yalipanda yakafunika barabara na lango kuu la mbuga kisha magadi yakapungua

*Senje Bea, 19:36*
Nimehesabu, ni 20 kamili. Sasa niambie, heroe wako wapi? Maneno yamekwisha na ndege hata hujamtaja. Ninaposahihisha, likifika neno la 20 napiga mstari, yanayofuata sisomi.

*Melisa, 19:37*
Aki sikuona

*Senje Bea, 19:41*
Barabara na lango vimekula maneno saba: yakafunika, barabara, na, lango, kuu, la, mbuga. Swali limeuliza habari za barabara? Soma swali KABLA ya kifungu, upige mstari chini ya "kwa nini". Kisha uingie kwenye kifungu ukitafuta sababu peke yake. Kisichokuwa sababu, hata kiwe kitamu namna gani, kipite.

*Kuka, 19:43*
[ujumbe wa sauti, 0:14]

*Brayo, 19:45*
Kuka anasema: "Mvua imezidi, chakula kimekwisha, ndege ameenda."

*Senje Bea, 19:47*
Asante Baba! Huo ndio uti wa mgongo, kimebaki cha katikati: magadi na mwani. Melisa, pale kwenye matayarisho, kabla ya jibu lenyewe, andika hivyo hivyo alivyosema Kuka, vipande vifupi. Mvua. Hakuna pa kutokea. Magadi. Mwani. Ndege. Halafu ndio uunganishe.

*Melisa, 19:48*
Kuunganisha ndio shida. Nikiweka "na baada ya hapo" maneno yanaisha

*Senje Bea, 19:52*
Swali zuri sana hilo. Tumia -ka-. "Na baada ya hapo magadi yalipungua" ni maneno sita. "Magadi yakapungua" ni mawili, na mfuatano umeuonyesha. Vilevile "mwani ambao unaliwa" andika "mwani unaoliwa". Kiswahili chenyewe kinakubania nafasi, ukikiachia. Na alama ya mtiririko inapatikana papo hapo.

*Baba Melisa, 20:05*
Niko Salgaa, nimesimama kula. Nimesoma yote. Melisa fanya tena.

*Melisa, 20:14*
Mvua nyingi ilijaza ziwa lisilo na mto wa kutoa maji, magadi yakapungua, mwani ukapungua, heroe wakahama kutafuta chakula.

*Senje Bea, 20:15*
18!! Na kila hoja imo. Mwanangu!

*Kuka, 20:17*
Nimehesabu na mimi kwa vidole. Kumi na nane.

*Mama Melisa, 20:18*
Asante sana wifi. Tangu asubuhi ndio anacheka sasa.

*Senje Bea, 20:24*
Tusilale bado, kuna insha. Melisa, uliandika ya "Mchelea mwana kulia hulia yeye". Mama anayedekeza nimemwona, ukurasa mzima, simu amenunuliwa, kazi hafanyi. Kilio cha yule mama kiko mistari miwili mwishoni. Methali ina pande mbili, na upande wa pili ndio wenye uzito. Mlize mama, tumwone analia.

*Senje Bea, 20:26*
Jingine. Kwenye ukurasa mmoja umeandika "ata" mara sita, "uyo" mara tatu. Unaijua hata na unaijua huyo, ila mkono umezoea simu. Mkono hauna wa simu na wa mtihani, ni huo mmoja. Kuanzia sasa mpaka Jumatano, hapa kikundini sote tunaandika h zetu. Brayo, na wewe.

*Brayo, 20:27*
Sawa Senje. Hata mimi.

*Mama Melisa, 20:29*
Na ile ya lazima je? Anaiogopa.

*Senje Bea, 20:33*
Swali la kwanza halikwepeki, na mara nyingi ni barua, hotuba, kumbukumbu na kadhalika. Kesho aniandikie kumbukumbu za mkutano wa chama chako wifi, si unao Jumapili? Aende akae nyuma na kalamu. Waliohudhuria, waliotuma udhuru, ajenda, mpaka sahihi za mwisho. Dakika 45, asizidi, maana siku yenyewe ana saa moja na dakika 45 za insha mbili.

*Mama Melisa, 20:34*
Tunakutana saa nane kwa Mama Shiru. Atakuja.

*Melisa, 20:36*
Senje hiyo ya methali naianza upya sasa hivi kutoka pale mama anapopigiwa simu na polisi. Hata kichwa nimekipata

*Kuka, 20:38*
Ukimaliza usinitumie picha, macho yangu hayaoni herufi ndogo. Nisomee kwa sauti. Niko macho mpaka saa nne.